Kalamu Nyekundu na Barua ya Alice: Mwalimu wa Mwaka wa Kwanza katika Riwaya ya Bel Kaufman

Utangulizi

Mwalimu mpya wa lugha anapopangiwa shule, maswali yanayomkosesha usingizi huwa mawili. La kwanza ni kama wanafunzi watamsikiliza. La pili ni kama mkuu wa idara ataridhika naye. Mafunzo ya ualimu nayo hujishughulisha sana na maswali haya: namna ya kusimama mbele ya darasa, namna ya kupanga ubao, namna ya kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Makala haya yanapendekeza kwamba kuna swali la tatu ambalo ni gumu kuliko hayo mawili, nalo hutajwa kwa nadra: mwalimu huyu atafanya nini na karatasi ambayo mwanafunzi ameiandika kwa mkono wake mwenyewe?

Ili kulijadili swali hilo tumeichagua riwaya ya Kimarekani iitwayo Up the Down Staircase, ya Bel Kaufman, iliyochapishwa mwaka 1965. Jina lake tunaweza kulifasiri kuwa "Kupanda kwa Ngazi ya Kushukia". Wapo watakaouliza kwa nini jarida la idara ya Kiswahili nchini Uganda lihangaike na riwaya ya Kiingereza kuhusu shule ya New York. Tuna sababu mbili.

Kwanza, riwaya hii inauonesha mwaka wa kwanza wa ualimu kwa ndani, tangu siku ya kuita majina. Katika fasihi yetu ya Kiswahili, walimu tunaowakumbuka ni wale waliokwisha zama katika kazi. Mwalimu Majisifu wa Kidagaa Kimemwozea (Walibora, 2012) tunamkuta ameshachoka na ameshaharibikiwa. Katika hadithi "Mwalimu Mstaafu" ya Dumu Kayanda tunamkuta mwalimu anayeagwa. Tunawaona mwishoni mwa safari, hatuoneshwi walivyoianza. Pili, Bel Kaufman mwenyewe alifundisha lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Kwa jambo hilo yuko karibu nasi kuliko tunavyoweza kudhani.

Mwandishi na lafudhi yake

Kaufman alizaliwa Berlin mwaka 1911 na kulelewa Odessa. Babu yake mzaa mama alikuwa Sholem Aleichem, mwandishi mashuhuri wa lugha ya Kiyidi. Alifika Marekani mwaka 1923 akiwa na miaka 12, bila kujua Kiingereza, akawekwa darasa la kwanza pamoja na watoto wadogo. Alisoma Chuo cha Hunter, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1936. Hata hivyo, alipotaka leseni ya kudumu ya kufundisha katika shule za New York, alifaulu karatasi za kuandika lakini akaangushwa katika mtihani wa mdomo kwa sababu ya lafudhi yake ya Kirusi, tena si mara moja. Kwa miaka mingi alifundisha kama mwalimu wa muda, akihamishwa kutoka shule moja hadi nyingine.

Mwalimu wa Kiswahili wa Gulu, Mbarara au Soroti aliyewahi kuambiwa kwamba Kiswahili chake "si cha pwani" atayaelewa maisha haya bila kuhitaji maelezo. Kaufman alijua jinsi mtu anavyojisikia maneno yake yanapopimwa kwa sauti na si kwa maana. Tunaamini kwamba ujuzi huo ndio uliomwezesha kuandika kurasa nzito kuliko zote katika riwaya hii, kama tutakavyoona.

Riwaya ilianza kama kipande kifupi kilichochapwa katika jarida la Saturday Review mwaka 1962, kikijifanya kuwa karatasi zilizookotwa katika kapu la taka la mwalimu. Mchapishaji mmoja akamwomba akipanue kiwe kitabu. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni ya nakala, na mwaka 1967 kikatengenezewa filamu. Kaufman alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 103.

Hadithi na muundo wake

Mhusika mkuu ni Sylvia Barrett, binti aliyetoka chuo kikuu akiwa na mapenzi makubwa ya mshairi wa kale wa Kiingereza, Chaucer. Anapangiwa shule ya sekondari ya kubuniwa iitwayo Calvin Coolidge, jijini New York. Anatarajia kufundisha fasihi. Badala yake anakuta chumba chenye dirisha lililovunjika, darasa lenye wanafunzi wengi kuliko viti, kengele zinazolia wakati usiofaa, na karatasi. Karatasi hizo ndizo riwaya yenyewe.

Tukiiondoa sura ya kwanza, ambayo ni mazungumzo matupu ya darasani, na nyingine chache za aina hiyo, kitabu kizima kimeundwa kwa nyaraka: matangazo ya ofisi, fomu, vijibarua wanavyopelekeana walimu, barua za Sylvia kwa rafiki yake Ellen, insha za wanafunzi, na maoni yaliyotumbukizwa katika sanduku ambalo Sylvia ameliweka darasani. Hakuna msimulizi anayetuongoza. Msomaji anapewa rundo la karatasi kama anavyopewa mwalimu, na ni juu yake kuamua ipi ina uzito na ipi ni ya kutupa.

Mbinu ya barua si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Waliosoma Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya riwaya ya Mariama Bâ, wanajua jinsi barua inavyoweza kubeba maisha ya mtu mzima. Tofauti ni kwamba Bâ ametupa sauti moja inayotafakari, ilhali Kaufman ametupa sauti nyingi zinazoingiliana na kukatizana. Hapo fani imeibeba maudhui. Mwaka wa kwanza wa ualimu hauna sauti moja. Ni kelele, na ndani ya kelele hiyo kuna mtoto mmoja anayesema jambo.

Lugha mbili za shule

Ukizisoma nyaraka hizo kwa makini utagundua kwamba shule ya Calvin Coolidge ina lugha mbili, ijapokuwa zote zinaitwa Kiingereza.

Ya kwanza ni lugha ya amri. Mwenye lugha hii ni McHabe, msaidizi wa utawala, ambaye matangazo yake yanamiminika kila siku. Jina la riwaya limetokana na mojawapo ya karatasi zake, inayohusu mwanafunzi aliyezuiliwa kwa kosa la kupanda ngazi ambayo kanuni imesema ni ya kushukia. Lugha hii haina mtu ndani yake. Inaagiza, inakumbusha, inafuta agizo la jana. Bea Schachter, mwalimu mzoefu anayemsaidia Sylvia, inambidi amtafsirie: akiagizwa kuhifadhi waraka kwa mpangilio, maana yake ni kwamba anaweza kuutupa. Yumo pia muuguzi wa shule, ambaye kanuni zinamkataza kugusa jeraha, kwa hiyo huduma kubwa anayoweza kuitoa ni kikombe cha chai. Msomaji anacheka, kisha anatambua kwamba muuguzi huyo na mwalimu wako katika hali moja: wote wameajiriwa kwa ajili ya watoto, na wote wamefungwa mikono kwa karatasi.

Ya pili ni lugha ya sanduku la maoni. Wanafunzi wanaandika vibaya. Tahajia imepinda, vituo havipo, sentensi zinaanza na hazimaliziki. Lakini katika karatasi hizo kuna watu. Yumo anayelalamika, yumo anayejipendekeza, yumo anayetukana, yumo anayetangaza kwamba hakusoma kitabu na wala hatakisoma. Yumo pia José Rodriguez, kijana mkimya ambaye mwanzoni hajiiti hata kwa jina lake. Anatia sahihi kwa neno moja tu lenye maana ya "mimi". Sylvia anapoligeuza darasa kuwa mahakama ya kuigiza na kumpa José kiti cha hakimu, kijana huyo anabadilika. Anakuja na joho, anaongoza kikao kwa mamlaka, na anakuwa mtu mwenye jina. Mwalimu hakumsahihisha José. Alimpa kazi ambayo ilihitaji sauti yake.

Kwa hiyo mgogoro wa riwaya hii si kati ya mwalimu mwema na wanafunzi watukutu, kama ilivyo katika filamu nyingi za shule. Mgogoro ni kati ya lugha hizi mbili, na Sylvia amesimama katikati. Kila siku anatakiwa aamue atawajibu wanafunzi kwa lugha ipi.

Barua ya Alice

Tukio kuu linahusu mwalimu mwingine. Paul Barringer naye hufundisha Kiingereza. Ni mtanashati, mcheshi, anatunga mashairi mepesi kwa kila tukio, na anaandika vitabu ambavyo wachapishaji wanavikataa. Wasichana wanampenda. Mmoja wao, Alice Blake, anajikaza na kumwandikia barua ya mapenzi.

Barringer anaisahihisha. Anaishughulikia kama insha: hapa neno limechakaa, hapa umerudia, angalia alama za uandishi. Baadaye Alice anajirusha kutoka dirishani na kuumia vibaya.

Wahakiki wengi wangeweza kuliita tukio hili kuwa la kimelodrama, na hatukatai kwamba limekolezwa. Lakini tuliangalie kwa jicho la mwalimu wa lugha. Barringer hakumtukana Alice, hakumcheka mbele ya darasa, hakuitangaza barua yake. Amefanya kile ambacho sote tumefunzwa kukifanya. Alipokea maandishi ya mwanafunzi, akaona makosa, akayaonesha. Tena yawezekana alidhani kwamba hiyo ndiyo njia ya heshima, kwani mwalimu hapaswi kuijibu barua ya mapenzi ya mwanafunzi. Kwa kweli hapaswi kuijibu kwa mapenzi. Lakini kati ya kuijibu kwa mapenzi na kuipigia mistari kuna njia nyingine nyingi: kuzungumza na msichana huyo kwa upole na kwa mipaka, kumshirikisha mwalimu wa kike, kumpeleka kwa mtu wa ushauri. Barringer alizikosa zote kwa sababu alipoiona karatasi hakumwona aliyeiandika.

Kosa lake basi si kusahihisha. Kosa lake ni kwamba masahihisho ndiyo yalikuwa jibu lake lote. Kaufman amelipa kosa hilo mtu mwerevu na mwenye kipaji, wala hakumpa McHabe. Kwa uamuzi huo anatuonya kwamba lugha ya amri haitoki ofisini tu. Inaweza kutoka katika kalamu ya mwalimu anayependwa.

Udhaifu wa riwaya

Pamoja na nguvu hiyo, riwaya ina kasoro ambazo mhakiki hawezi kuzifumbia macho.

Ya kwanza inatokana na mafanikio yake yenyewe. Sehemu kubwa ya ucheshi wa kitabu inategemea makosa ya tahajia ya wanafunzi. Tunacheka kwa sababu tunajua neno linavyopaswa kuandikwa na mtoto hajui. Maana yake ni kwamba Kaufman anamlaumu Barringer kwa kuyatazama makosa, halafu anatukaribisha sisi wasomaji tuyatazame na kujiburudisha kwayo. Msomaji aliyezaliwa na Kiingereza anaweza kukimaliza kitabu bila kutambua kwamba muda wote alikuwa ameshika kalamu ya Barringer. Sisi tuliojifunza Kiingereza shuleni hatucheki kwa urahisi namna hiyo, kwa sababu baadhi ya makosa hayo ni yetu.

Ya pili ni namna anavyowachora wanafunzi weusi. Eddie Williams, katika karibu kila karatasi yake, analalamika juu ya ubaguzi, na riwaya inamgeuza kuwa mtu wa wimbo mmoja. Ikumbukwe kwamba tarehe 3 Februari 1964, mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka, zaidi ya wanafunzi 400,000 wa New York walisusia shule wakipinga utengano wa rangi na hali mbaya ya shule zao. Eddie alikuwa na hoja, na jiji zima lilikuwa limeisikia. Kaufman anaturuhusu tuichukue kama kisingizio cha mvivu.

Ya tatu ni hitimisho. Sylvia, ambaye alikuwa na nafasi ya kwenda kufundisha katika chuo tulivu chenye madarasa madogo, anaamua kubaki Calvin Coolidge. Uamuzi huo unagusa moyo, lakini dirisha bado limevunjika na McHabe bado anaandika. Riwaya inauachia moyo wa mwalimu mmoja mzigo ambao kwa haki ni wa serikali na utawala. Msemo huu tunaujua vizuri hapa kwetu: ualimu ni wito. Mara nyingi anayeutamka ni yule ambaye hataki kuzungumzia mshahara.

Mashahidi wengine wawili

Kasoro hizo zinaonekana wazi zaidi tukiiweka riwaya karibu na vitabu viwili vya kweli vya walimu wageni kazini.

Jonathan Kozol alifundisha darasa la nne katika shule ya watoto weusi huko Boston katika mwaka wa masomo wa 1964–1965. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza, na hakuruhusiwa kuumaliza. Alifukuzwa baada ya kuwasomea wanafunzi shairi la Langston Hughes kuhusu mpangaji mweusi na mwenye nyumba wake, shairi ambalo halikuwa katika orodha ya mtaala. Kitabu chake, Death at an Early Age, kilitoka mwaka 1967 na kupata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka uliofuata. Kozol anaonesha kile ambacho Kaufman amekipitia juu juu: kwamba kuisikia sauti ya mwanafunzi kunaweza kumgharimu mwalimu mpya ajira. Shairi lile lilizungumza lugha ya nyumbani kwa watoto wale, na watoto walilipenda. Ofisi ililiona kuwa ni utovu wa nidhamu ya kazi.

Shahidi wa pili ni Frank McCourt, aliyelelewa Limerick, Ayalandi, na ambaye alianza kufundisha katika shule ya ufundi ya Staten Island mwezi Machi 1958, naye akiwa na lafudhi iliyowashangaza wanafunzi. Katika kitabu chake Teacher Man (2005) anasimulia kwamba siku ya kwanza mwanafunzi alirusha mkate wenye nyama darasani, na yeye, kwa kukosa la kufanya, akauokota akaula. Lakini kisa chenye faida zaidi kwetu ni kile cha barua za udhuru. McCourt aligundua kwamba barua nyingi za wazazi za kueleza kwa nini mtoto hakufika shuleni zilikuwa zimeghushiwa na wanafunzi wenyewe. Akaona jambo la ajabu: wale wale waliodai kwamba hawawezi kuandika hata aya moja walikuwa wanaandika vioja vilivyojaa ubunifu. Badala ya kuwapeleka kwa mkuu wa shule aliwapa zoezi: andika barua ya udhuru kutoka kwa Adamu au Hawa kwenda kwa Mungu. Wakaandika.

Tukiwaweka pamoja, Barringer na McCourt wamepokea karatasi ambazo kwa kanuni zilikuwa na kosa. Mmoja aliona makosa ya sentensi. Mwingine aliona kwamba mtoto ana jambo la kusema na ana sababu ya kulisema vizuri. Tofauti hiyo haikutokana na uzoefu wala shahada. Imetokana na kilichosomwa kwanza.

Mafunzo kwa mwalimu wa Kiswahili Uganda

Hapa kwetu suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya historia ya lugha yenyewe. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wananchi wengi walikifahamu kwanza kupitia kinywa cha askari: simama, lala chini, toa kitambulisho. Kwa wazee wa familia nyingi Kiswahili kilikuwa, kwa maneno tuliyoyatumia hapo juu, lugha ya amri. Tangu hapo hali imebadilika sana katika sheria. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha pendekezo la kukifanya cha lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini sheria zote hizo nazo ni amri. Waraka hauwezi kumfanya mtoto aipende lugha. Anayeweza ni mwalimu, na kwa kuwa somo linapanuka, wengi wa walimu hao watakuwa katika mwaka wao wa kwanza.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza kutoka Buganda anaandika katika insha yake: "Nilipata balua ya mama nikalia sana." Kalamu nyekundu itaruka moja kwa moja kwenye neno "balua". Hata hivyo mwanafunzi huyu hakukosea ovyo. Katika Kiganda sauti l na r hazitofautishi maana, na kanuni ya maandishi ni kuandika r baada ya e na i, na l kwingineko. Ndiyo maana ataandika "habali" pia, lakini "kufikiri" ataipata sawasawa. Tena nyumbani kwao barua huitwa ebbaluwa, neno ambalo Kiganda kilikopa kutoka Kiswahili hicho hicho. Mtoto amefuata sheria anayoijua, na amelirudisha neno la mkopo kwa mwenyewe likiwa limevaa nguo za nyumbani kwake. Mwalimu anayelijua hilo atasahihisha kwa dakika moja, darasa zima litaelewa, na hakuna atakayeona haya.

Lakini hata hilo si jambo la kwanza. La kwanza ni kwamba mama ameandika barua na mtoto amelia. Kwa nini alilia? Mwalimu anayeandika pembeni "Pole. Mama alikuambia nini?" kisha chini yake "barua", amefanya kazi mbili ambazo Barringer alifanya moja tu.

Wapo watakaosema: mitihani ya taifa haitoi alama kwa machozi. Ni kweli, na mwalimu anayeyaacha makosa kwa kisingizio cha upole anamdhulumu mwanafunzi, kwani mtahini hatamhurumia. Hatusemi kalamu nyekundu itupwe. Tunasema isiwe ya kwanza wala isiwe peke yake. Karatasi isomwe mara moja mikono mitupu, ndipo ishikwe kalamu. Katika darasa la wanafunzi 70 au 80 haiwezekani kumwandikia kila mmoja kila wiki, lakini inawezekana kuwaandikia kumi, na wiki inayofuata kumi wengine. Inawezekana pia kuchagua aina moja ya kosa kwa kila zoezi, badala ya kulijaza daftari mistari mpaka mtoto asione pa kuanzia. Na sanduku la maoni la Sylvia halihitaji fedha. Boksi la kadibodi linatosha, mradi wanafunzi wajue kwamba kitakachoandikwa humo kitasomwa na hakitapewa alama.

Idara zetu nazo zina sehemu yao. Msimamizi anapomtembelea mwanafunzi wa mazoezi ya kufundisha, kwa kawaida hukagua azimio la kazi, andalio la somo, sauti, ubao na mpangilio wa viti. Ni mara chache atasema: hebu nipe madaftari matano uliyoyasahihisha wiki iliyopita. Kwa maoni yetu madaftari hayo yanaeleza zaidi kuliko kipindi kimoja kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni. Somo linaweza kupambwa kwa siku moja. Masahihisho hayapambiki.

Hitimisho

Up the Down Staircase ni riwaya yenye kasoro: inacheka pale ilipopaswa kusikiliza, na mwishoni inauomba moyo wa mwalimu ufanye kazi ya serikali. Lakini imeona jambo moja kwa uwazi usio wa kawaida, kwamba shule huzungumza lugha mbili na mwalimu wa mwaka wa kwanza huchagua kati yake kila anapoletewa karatasi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu mpya ni mgeni katika shule, na bado hajazoea lugha ya nyaraka, hivyo ana nafasi ambayo wenyeji wengi wameshaipoteza. Tunawashauri wanafunzi wa mwaka wa mwisho waisome riwaya hii kabla ya kwenda kazini, na walimu wazoefu waisome tena wakiwa na madaftari ya wanafunzi wao mezani.